SOMO: Namna ya kwenda ufukwe wa kisiwa wenye laguni, hatua kwa hatua (soma yote kabla hujauliza)

Wakuu habari zenu. Nimeamua niandike hili mara moja maana kila baada ya siku chache mtu ananifuata inboksi na swali lilelile, "nimefika ufukweni bahari haipo, picha zimenidanganya?" Hazijakudanganya. Picha ilipigwa maji yamejaa, wewe umefika maji yamekupwa, ufukwe ni uleule. Nazungumzia zile fukwe tulivu za visiwani ambazo mbele kuna mwamba wa matumbawe unavunja mawimbi, na kati ya mwamba na mchanga kuna laguni, maji ya kina kifupi yanayoingia na kutoka. Hapo anayepanga siku ni maji, wewe unafuata. Na kwa sababu nyingi ya fukwe hizi hazina mlinzi wala bendera ya onyo, kuna sehemu nitaandika kirefu, vumilieni.

Hatua ya 1: Angalia mwezi kabla hujakata tiketi

Mwezi mwandamo na mwezi mpevu ndio wenye bamvua, maji yanajaa mno na kupwa mno, na kilele chake kwa kawaida huja siku moja au mbili baada ya mwezi wenyewe. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, tofauti ya kujaa na kupwa inapungua sana. Unataka kutembea mbali juu ya mchanga na kuangalia viumbe kwenye vidimbwi? Nenda bamvua. Unataka kuogelea tu? Nenda maji mafu. Bamvua kubwa za mwaka mara nyingi huangukia karibu na Machi na Septemba.

Hatua ya 2: Tafuta jedwali la maji

Ni orodha ya saa za maji kujaa na kupwa kila siku. Chukua la bandari iliyo karibu zaidi na kisiwa unachoenda. Yapo hadi kwenye simu.

Hatua ya 3: Soma saa kama ilivyoandikwa

Sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili tunapotea hapa kila mara. Jedwali likiandika 10:00 hiyo ni saa nne asubuhi, sio saa kumi. Saa kumi jioni inaandikwa 16:00. Ukikosea hapo umekosea saa sita nzima, na sehemu nyingi saa sita ndio takriban muda wa maji kutoka kupwa hadi kujaa, kwa hiyo unapanga kuvuka wakati laguni iko kwenye kina chake kikubwa kabisa. Angalia pia kama jedwali linatumia saa za pale kisiwani au saa za dunia (UTC). Na usitumie saa ya jana kwa leo, kila siku maji yanachelewa kama dakika 50.

Hatua ya 4: Iangalie laguni ikiwa tupu kabla hujaiingia ikiwa imejaa

Siku ya kwanza kaa tu utazame maji yakitoka. Utaona mifereji iko wapi, matumbawe yako wapi, na mlango uko wapi, yaani ule uwazi kwenye mwamba ambao maji yanapitia kwenda bahari kuu. Piga picha. Maji yakijaa yote yanafichika na kila kitu kinaonekana sawasawa.

Hatua ya 5: Viatu

Vya soli ngumu vinavyobana mguu. Ndala hapana.

Hatua ya 6: Kuvuka kwenda kwenye fungu la mchanga au mwambani, NA KURUDI

Hii hatua niliwahi kuikosea ndo maana naisisitiza. Watu wanadhani maji yakirudi yatakuja kutoka mbele, upande wa mwamba, watayaona, watageuka warudi. Sio hivyo. Sakafu ya laguni haiko tambarare, mara nyingi kuna mfereji wa kina karibu na ufukwe na kule katikati mchanga umeinuka, sasa maji yakianza kurudi yanaingia kwanza kwenye ule mfereji ulio NYUMA yako. Wewe uko pakavu unapiga picha, umetulia kabisa, na kati yako na nyumbani kumeshakuwa na mto.

Tena hayapandi kwa mwendo mmoja. Mabaharia wana hesabu yao ya kukadiria: gawa tofauti ya kupwa na kujaa mafungu 12, saa ya kwanza maji yanapanda fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Chukua mahali ambapo tofauti ni mita 3.6. Saa ya kwanza yamepanda sentimita 30, unasema bado mapema. Saa ya pili yameongezeka 60. Saa ya tatu peke yake yanaongezeka sentimita 90, na hapo mtoto hayupo tena salama, na mtu mzima kwenye mfereji anashindwa kusimama kwa sababu ya mkondo.

Kwa hiyo kanuni ni hii na siibadilishi kwa mtu yeyote: ondoka ufukweni kabla maji hayajafika mwisho wa kupwa, na muda wa mwisho wa kupwa ukifika ANZA KURUDI. Usisubiri uyaone. Weka kengele ya simu.

ONYO: Jedwali linahesabu mwezi na jua tu, halijui upepo. Upepo mkali unaovuma kutoka baharini, au dhoruba hata iliyo mbali, unaweza kuleta maji mapema na mengi kuliko yalivyoandikwa.

ONYO LA PILI: Kaa mbali na mlango wakati maji yanatoka. Laguni nzima inajikamua kupitia pale na mkondo wake huwezi kushindana nao. Ukikamatwa usiogelee kuukabili, elea, tunza pumzi, inua mkono uonekane, halafu kata pembeni utoke ndani yake.

Hatua ya 7: Usikanyage matumbawe. Ni viumbe hai. Pita kwenye mchanga.

Hatua ya 8: Rudi na takataka zako zote.

Hayo ndiyo. Maswali karibuni.

---

Kijana_wa_Safari: mkuu naenda wiki ijayo, maji yanajaa saa ngapi?

Jibu: Kisiwa gani? Tarehe ngapi? Hatua ya 2.

Kijana_wa_Safari: sijaamua bado ila nipe makadirio tu

Jibu: Hakuna makadirio bila mahali. Amua kwanza.

Mama Pacha: Asante kwa somo kaka. Mimi nina watoto wawili wadogo hawajui kuogelea, laguni inawafaa au niachane nayo?

Jibu: Inawafaa sana dada, pengine kuliko ufukwe wowote, ukichagua muda. Nenda siku za maji mafu, na waingie ile saa ya mwisho ya maji kupwa, hapo karibu na ufukwe mkondo kwa kawaida umepungua, na wabaki kwenye maji ya kuwafika magotini. Gusa maji kwanza kwa mkono, vidimbwi vidogo juani vinaweza kuwa vya moto kuliko unavyodhani. Wakae upande wa ufukweni wa mfereji, wasivuke hata kama ni mkavu. Na mtu mzima mmoja kazi yake iwe kuwatazama tu, simu iwe kwenye begi. Wavalishe fulana za mikono mirefu, jua linawapiga toka juu na mng'ao wa maji unawapiga toka chini.

Mtoto wa Pwani: haya mambo ya majedwali ni uoga tu, sisi tumekulia baharini tunaangalia maji kwa macho na hatujawahi kupotea

Jibu: Wewe umekulia hapo, unayo laguni yako kichwani, mifereji yote unaijua. Mgeni hana hicho. Nimewaandikia wageni. Na hata wewe ukienda kisiwa kingine ni mgeni.

Mdadisi: Kuna kitu sikielewi. Nilikaa ufukweni na jedwali mkononi, muda wa mwisho wa kupwa ukapita, lakini ndani ya laguni maji yaliendelea kutoka karibu saa nzima. Jedwali lilikuwa limekosea?

Jibu: Swali zuri sana hili. Jedwali lilikuwa sahihi kwa bahari ya nje. Mwamba unafanya kazi kama ukingo wa beseni: bahari ya nje ikishuka chini ya ukingo, maji ya ndani yanabaki juu zaidi na njia pekee ya kutoka ni mlangoni, na mlango ni mwembamba. Kwa hiyo nje bahari imeshaanza kupanda na ndani bado kunajikamua, mpaka usawa wa nje uufikie wa ndani. Kila laguni ina ucheleweshaji wake kutegemea upana wa mlango na urefu wa mwamba, siku ya kwanza unaupima kwa saa yako na kijiti ulichochomeka mchangani. Lakini usiutumie kama muda wa ziada wa kukaa kwenye fungu! Huo mkondo unaweza kugeuka kwa haraka. Kengele ibaki ya jedwali.

Mdadisi: Nimeelewa kabisa. Na nimeona bamvua pale nilipokuwa kila mara maji yanakupwa asubuhi muda uleule, ni bahati?

Jibu: Sio bahati. Bamvua inatokea jua na mwezi vikiwa vimejipanga, kwa hiyo kwa mahali pamoja kupwa kwa bamvua kunaangukia karibu saa zilezile mwaka mzima. Ukishajua saa ya bamvua ya kisiwa fulani unaweza kupanga safari ya miezi ijayo kwa kalenda ya mwezi tu, jedwali ukalitumia kuhakiki.

Abiria: Mbona kuna visiwa nimeenda maji hayasogei kabisa?

Jibu: Inategemea bahari. Pwani ya Afrika Mashariki bamvua inavuka mita 3, Karibi sehemu nyingi haifiki hata mita 1. Tahiti ndo ya ajabu zaidi, mwezi karibu hauna nguvu pale, linalobaki ni jua, kwa hiyo maji yanajaa karibu na saa sita mchana na saa sita usiku siku zote, na ni kidogo, kama sentimita 30. Na kuna sehemu, mfano maeneo mengi ya Ghuba ya Thailand, maji yanajaa mara moja tu kwa siku. Ndo maana nasema jedwali la PALE.

Kijana_wa_Safari: kwahiyo nikienda saa kumi ni sawa?

Jibu: Hatua ya 2 na ya 3. Sina jibu jingine.

Nesi wa Zamu: Naomba niongeze la afya. Mtu akichomwa na mwiba wa taa (samaki bapa mwenye mwiba mkiani) au yule samaki anayefanana na jiwe, aloweke mguu kwenye maji ya moto kadiri anavyoweza kuvumilia bila kuungua, kama nyuzijoto 45, dakika 30 hadi 90, na aende hospitali. Ajaribu kwanza mtu mwingine kwa mkono wake maana aliyechomwa kwa yale maumivu hasikii vizuri joto.

Jibu: Asante sana, naomba kila mtu aisome hii. Nami naongezea, kwenye mchanga uliofunikwa na maji tembea kwa kuburuza miguu, taa akisikia anaondoka mwenyewe. Na yale makombe mazuri yenye umbo la koni usiyaokote hata kama yanaonekana yamekufa, mengine yana mwiba wa sumu unaoua mtu.

Mama Pacha: Mafuta ya jua je? Nasikia yanadhuru matumbawe.

Jibu: Soma kiambato. Hawaii imepiga marufuku kuuza yenye oksibenzoni na oktinoksati tangu 2021, na Palau ilianza 2020 kwa orodha ndefu zaidi. Nguo ya mikono mirefu inakupunguzia kiasi unachohitaji kupaka.

Mpiga Picha: Ule ubluu wa kijani wa kwenye picha unapatikana saa ngapi?

Jibu: Maji yamejaa na jua liko juu kabisa, huku mchanga mweupe chini. Tafuta siku ambayo kujaa kunaangukia katikati ya mchana, jedwali litakuonyesha. Piga toka mahali palipoinuka.

Mkaa Hemani: Nikitaka kulala palepale ufukweni?

Jibu: Kama panaruhusiwa, tafuta mstari wa mwani na takataka ulioachwa na maji. Mara nyingi iko miwili, mbichi wa jana na mkavu ulio juu zaidi. Ule mkavu ndio wa bamvua, hema likae juu ya huo. Usifunge wala usilaze kitu chini ya mnazi wenye nazi. Na kama ni ufukwe wa kasa, usiku zima taa zote, watoto wa kasa wakitoka mchangani wanafuata mwanga wakidhani ni bahari.