Una esi mbili, mwenzako anasubiri flashi: mlipishe, usimfukuze

Tuseme mnacheza Texas Hold'em, poka ambayo kila mtu ana karata mbili mkononi na tano za wote hufunuliwa mezani. Mkononi una esi ya shupaza na esi ya pau. Karata tatu za kwanza zinafunuliwa mezani: jeki ya kopa, saba ya kopa, mbili ya pau. Uko mbele, ila mwenye kopa mbili mkononi amebakiza kopa moja tu apate flashi, yaani karata tano za alama moja.

Kopa zote ni 13. Nne anaziona, zimebaki 9 ndani ya karata 47 asizozijua. Karata ya nne itampa flashi kwa asilimia 19 hivi. Akifika mpaka ya tano, asilimia 35. Mwenye tisa na kumi za alama nyingine anasubiri nane tu ili apate tano mfululizo, saba hadi jeki; nane ni karata 4, kwa hiyo asilimia 9 kwa kila karata. Wa kuogopa ni mwenye tisa na kumi za kopa: kopa 9 na nane 3 zisizo za kopa zinamfaa, na kwa karata mbili zijazo anafika karibu asilimia 45.

Kwenye karata tatu, weka dau la theluthi mbili ya pesa iliyo mezani. Ukipita, yaani usipoweka dau, kwa ujanja wa kuficha esi zako, umempa karata ya bure. Ukimwaga dau mara tatu ya pesa ya mezani, atatupa karata zake, nawe unataka alipe, ila kwa bei mbaya.

Bei hiyo inauma zaidi kwenye karata ya nne, kwa kuwa imebaki moja tu. Tuseme imeanguka nne ya shupaza na mezani kuna shilingi 2,000. Ukiweka 500, analipa 500 ili agombee jumla ya 3,000, yaani anahitaji asilimia 16.7. Flashi yake ina 19.6 (9 kati ya 46), kwa hiyo umemuuzia kwa hasara. Ukiweka 1,000 anahitaji asilimia 25, na kila anapolipa anakosea. Mpaka uko karibu na theluthi moja ya pesa ya mezani, usishuke hapo. Meza ikiwa na wawili wanaosubiri, panda hadi robo tatu.

Wengi hufanya yote haya sawasawa, kisha wanarudisha faida kwenye karata ya tano. Rudi kwenye dau lile la 1,000. Kati ya mara 46, akikosa mara 37 anapoteza 37,000. Akipata mara 9 anachukua 3,000 kila mara, yaani 27,000. Pengo ni 10,000, na akigawa kwa mara 9 anahitaji kukukamua takriban 1,100 zaidi kila kopa inapoanguka ili asile hasara. Kwa hiyo kopa ya tatu ikija na mtu aliyekuwa analipa tu kimya akaweka dau kubwa ghafla, tupa esi. Zinauma, lakini zimebaki jozi moja tu. Kama pesa iliyobaki mbele yenu kwenye karata ya nne haizidi ile ya mezani, iweke yote hapo hapo; hatabaki na cha kukukamua.

Ukiwa na jeki mbili badala ya esi, yaani jeki tatu jumla, tulia kidogo. Mbili ya kopa au nne ya kopa ikianguka mwisho inampa flashi, lakini wewe unapata ful hausi (tatu za namba moja na jozi), inayoshinda flashi, hivyo kopa zake zinazofaa ni 7, si 9.

Karata ya tano ikiwa haimsaidii mtu, aliyekosa flashi hawezi kulipa hata shilingi. Kama ni mtu wa kutishia na wewe ndiye wa kuanza, pita, aweke dau la uongo, umlipie. Kama ni mpole na huenda ana jeki, weka nusu ya pesa ya mezani.