SOMO: TV inaandika "No Signal" na king'amuzi kinawaka, pitia hapa kabla hujamuita fundi

Habari za saa hizi wakuu. Wiki iliyopita jirani yangu, mama mtu mzima, kalipa elfu 15 fundi aje abonyeze kitufe kimoja cha rimoti. Simlaumu fundi, naye kapanda boda kaja, ila iliniuma maana mimi nakaa nyumba ya pili na siku hiyo nilikuwepo. Mjukuu alichezea rimoti, TV ikahamia HDMI 2 (HDMI ni tundu bapa la TV linalopitisha picha na sauti kwa waya mmoja) wakati waya wa king'amuzi umechomekwa HDMI 1, basi, hakuna kingine.

Kabla hujagusa waya wowote jiulize kwanza: hayo maandishi ni ya nani? Maana "No Signal" ziko mbili na watu wanazichanganya kila siku. Ya TV ni kiboksi kidogo kinachotangatanga kwenye kioo cheusi au cha bluu, hakuna kingine hapo. Ya king'amuzi inakuja na namba ya kosa, jina la chaneli, saa nyingine na nembo yao. Shika rimoti ya king'amuzi (sio ya TV) bonyeza menyu, ikitokea kwenye kioo basi TV nzima, waya mzima, tatizo lako liko kwenye dishi, antena au kifurushi, panda juu ya bati ukaangalie huko, hili somo sio lako. Isipotokea twende pamoja.

Hatua ya 1. Bonyeza Source, kwenye TV nyingine imeandikwa Input, au kuna kialama cha mraba wenye mshale unaoingia ndani. Zunguka nyuma ya TV uone waya umechomekwa tundu gani, usikisie, tochi ya simu unayo. Kama ni HDMI 1 chagua HDMI 1, kama ni zile nyaya tatu (njano, nyeupe, nyekundu) chagua AV. Subiri sekunde kama kumi kabla hujahama, kuna TV zinachelewa kusoma na watu wanapita hapo hapo penye jibu. Rimoti imekufa? Tafuta vitufe chini ya TV au nyuma pembeni.

Hatua ya 2. Hakikisha king'amuzi kimewaka kweli, sio kimelala. Taa nyekundu kwa vingi maana yake kipo standbai na hakitoi picha. Na kama taa inawaka inazima inawaka, shika adapta yake, nyingi ni za volti 12 na zikichoka zinawasha taa ila mzigo haziwezi.

Hatua ya 3. Zima vyote viwili UKUTANI, chomoa waya wa HDMI pande zote mbili, angalia mdomo wake kwenye mwanga. Ndani kuna pini 19 nyembamba sana, ikilala moja tu inatosha kukukosesha picha. Vumbi lipulize au tumia mswaki mkavu, usiweke mate wala sindano. Chomeka tena mpaka mwisho, anza kuwasha TV halafu king'amuzi.

Naomba nikazie hapo kwenye kuzima ukutani maana ndipo watu wanapounguza TV. Plagi zetu nyingi ni za miguu miwili, hazina erthi, kwahiyo chuma cha TV na chuma cha king'amuzi vinakuwa na kaumeme fulani kanakotofautiana, ushawahi kugusa kichwa cha waya wa dishi ukahisi kama chungu kakung'ata? Ndio huo. Ukichomeka HDMI huku vimewaka, hako kaumeme kanapita kwenye pini za data na chipu ya HDMI haina ubavu wa kukavumilia. Tundu linakufa kimya kimya, TV inabaki inawaka vizuri tu, na wewe unaenda kununua waya mpya.

Hatua ya 4. Badilisha kitu kimoja kimoja. Tundu lingine kwanza, halafu waya mwingine wa kuazima, halafu kifaa kingine kama deki au laptopu. Laptopu ikileta picha hapo hapo king'amuzi kinapokataa, TV haina kosa. Ukibadilisha vitatu kwa mpigo ikakubali hutajua kilichokuwa kibovu na utakirudisha tena kesho.

Hatua ya 5, na hii hata mafundi wengine hawaijui. King'amuzi kinaweza kuwa kinatoa picha ila TV haiwezi kuisoma, mtu kaingia kwenye setingi kaweka ukali wa picha 1080p na flati yako ni ya zamani au ya kichina inaishia 720p, ukali wa chini yake. Utabadilishaje setingi na huoni kitu? Chomeka zile nyaya za AV, ving'amuzi vingi vinatoa picha AV na HDMI kwa pamoja, weka TV kwenye AV, ingia menyu, shusha iwe 720p, rudi HDMI.

Ukifika hapa bado giza, sasa muite fundi.

MASWALI YA WADAU

Swali: Mkuu mimi sauti naisikia vizuri ila kioo cheusi tii, nimebadilisha waya wawili.
Jibu: Kama unatumia AV, sauti ni nyeupe na nyekundu, picha ni ya njano peke yake, iangalie hiyo. Kama ni HDMI, zima taa za chumbani, mulika tochi kwenye kioo kwa ubavu ukiwa karibu kabisa. Ukiona watu wanatembea kwa mbali kama vivuli, picha ipo, zilizokufa ni taa za nyuma ya kioo. Hizo zinabadilishwa, usikubali kuambiwa ununue TV nyingine.

Swali: Mtaalam yangu inaleta picha ila haina rangi, kama sinema za zamani.
Jibu: TV nyingi za flati tundu la AV limeungana na lile la kijani la Component (njia nyingine ya picha, inayotumia nyaya tatu za picha), njano inaingia kwenye kijani, halafu Source unachagua AV na sio Component. Ukichagua Component inakuja bila rangi. Kama sio hivyo ingia menyu ya TV, kwenye mfumo wa rangi weka PAL, inawezekana imekaa NTSC.

Swali: Nimenunua waya taipu-C kwenda HDMI nioneshe simu kwenye TV, muuzaji kasema inakubali simu zote, haileti kitu.
Jibu: Dada pole, sio zote. Simu lazima iwe na uwezo wa kutoa picha kwa lile tundu la chaji, na simu nyingi za bei ya chini hazina. Waya wako unaweza kuwa mzima kabisa. Jaribu kurusha kwa waifai kama TV ni smati.

Swali: Laptopu kwenye TV inaandika No Signal, waya ni mpya.
Jibu: Shika kitufe cha Windows pamoja na P, chagua Duplicate.

Swali: Radi ilipiga juzi, matundu yote ya HDMI hayasomi ila Youtube ya ndani ya TV inacheza vizuri. Nimejaribu mpaka hatua ya 5.
Jibu: Hapo radi ilipita kwenye waya wa dishi ikaingia king'amuzi ikatokea HDMI, nimeziona kadhaa za hivyo. Kipime king'amuzi kwenye TV nyingine kwa AV kwanza, kikiwa kizima tumia AV wakati unatafuta fundi wa bodi, sio fundi wa dishi. Na wingu likijikunja chomoa na waya wa dishi, kuzima swichi peke yake hakusaidii.

Swali: Mkuu hatua ya 1 tu imekubali, ilikuwa AV. Shida fundi nilishampigia na yupo njiani amefika stendi, nimwambieje?
Jibu: Mpe nauli yake kaka.