Kabla hujapanda boti kwenda tamashani Unguja

Kila ikifika Desemba simu yangu huanza kuita. Ni ndugu, majirani, watu tuliosoma pamoja: "Nasikia wewe huendaga Sauti za Busara. Sasa mtu anaanzia wapi?" Nimewajibu mmoja mmoja kwa miaka, huyu kwa simu, yule kwa ujumbe wa sauti, na kila mara nasahau jambo. Basi leo nayaandika yote mahali pamoja.

Nazungumzia matamasha mawili ya Mji Mkongwe wa Zanzibar. Sauti za Busara ni la muziki, lilianza 2004, na hufanyika Februari. ZIFF ni la filamu, lilianza kuonyesha 1998, na wengi tunalijua pia kwa jina la Tamasha la Nchi za Jahazi. Yote mawili moyo wake uko Ngome Kongwe pale Forodhani, boma walilolijenga Waomani baada ya kumtoa Mreno. Ukijua kujiandaa kwa moja, la pili halitakupa shida.

Anza na tarehe, na usimwamini mtu anayekwambia "ni zilezile za mwaka jana." ZIFF hasa huhama: 2024 lilifanyika mwanzoni mwa Agosti, 2025 likarudi mwishoni mwa Juni. Aliyeomba likizo yake kwa mazoea alikuta jukwaa limeshafunguliwa na kufungwa. Busara kwa kawaida haitoki Februari, ila angalia na mwezi wa Ramadhani. Kila mwaka mfungo unarudi nyuma kwa siku kumi au kumi na moja. Mwaka 2025 ulianza mwanzoni mwa Machi, wiki mbili tu baada ya tamasha. Wa 2026 ni wa katikati ya Februari yenyewe, na wa 2027 mapema zaidi. Kwa hiyo subiri tangazo la waandaaji wenyewe kabla hujalipia chochote kisichorudishwa. Na ikitokea safari yako imegusa siku za mfungo, ujue mchana migahawa mingi ya mjini hufungwa na kula barabarani ni kuwakosea watu heshima. Mji unaamka baada ya futari, na kwa kweli huamka vizuri.

Jambo la pili ni kitambulisho. Tiketi ya boti kutoka Dar hukatwa kwa jina lako, na bandarini utaombwa kitambulisho chenye jina hilohilo. Mtanzania akiwa na cha NIDA, leseni ya udereva au pasipoti, mambo yanakwenda. Lakini kitambulisho kina kazi nyingine ambayo watu huisahau: bei ya kuingia tamashani kwa kawaida hutofautiana kati ya Mtanzania, Mwafrika mwingine na mgeni wa mbali, na wanaokaa getini hawasomi lafudhi. Nimemwona dada mmoja, Mgogo wa Dodoma kabisa, kaacha kitambulisho kwenye begi gesti, akabishana dakika ishirini huku bendi aliyoifuata inapiga ndani. Kibeti chako kiwe nacho siku zote.

Wanaotoka Kenya, Uganda au mbali zaidi waongeze mawili. Kwanza kadi ya chanjo ya homa ya manjano, ambayo huulizwa kwa wanaotoka kwenye nchi zenye ugonjwa huo. Pili, tangu Oktoba 2024 wageni kutoka nje ya Tanzania wanatakiwa kukata bima ya safari ya Zanzibar yenyewe, hata kama wana bima nyingine kutoka kwao. Maliza hilo mtandaoni ukiwa bado nyumbani, na angalia kiwango kinachohusu nchi yako.

Boti ya kasi huchukua karibu saa mbili. Februari ni kaskazi, bahari huwa na huruma kiasi. Juni hadi Agosti ni kusi, na mkondo ule wa katikati unaweza kukutoa utumbo. Kama tumbo lako ni jepesi, kula kidogo asubuhi, kaa chini na katikati ya chombo badala ya mbele juu, tafuna tangawizi, na uache kutazama simu. Kata tiketi siku kadhaa kabla, kwa sababu mwisho wa wiki wa tamasha boti za asubuhi hujaa. Wala usijidanganye kwamba utakwenda na kurudi siku moja. Boti za mwisho kurudi Dar huondoka alasiri, na tamasha ndiyo kwanza linaanza kuchangamka.

Hapo ndipo linapokuja suala la kulala. Vyumba vya ndani ya Mji Mkongwe hukamatwa miezi kabla, na bei hupanda. Mwaka mmoja nililipia chumba kwa simu, nikafika saa 4 usiku na mkoba wangu, nikaambiwa kimeshapewa mwingine. Tangu siku hiyo naomba risiti yenye tarehe, napiga simu siku mbili kabla, na napiga tena nikishuka botini. Usipopata ndani, tafuta Kikwajuni au Michenzani; kote huko unatembea kwa miguu hadi Ngomeni. Ukienda mbali zaidi, Mbweni au Kiembesamaki, hesabu na nauli ya teksi ya usiku, maana daladala hazikusubiri hadi bendi ya mwisho ishuke. Mchana wa siku ya kwanza, kabla jua halijazama, tembea njia ya kutoka Ngomeni hadi mlangoni pako mara mbili. Vichochoro vya Hurumzi na Kiponda vinafanana sana usiku. Mimi hushika alama: mlango wenye njumu za shaba, kisha msikiti mdogo, kisha baraza ambapo wazee hucheza bao. Usiku wazee wameondoka, lakini baraza lipo palepale. Rudini wawili au watatu.

Sasa saa. Hili linaonekana dogo, lakini limewakosesha watu wengi onyesho. Ratiba huchapishwa kwa saa za Kizungu, na mwenyeji akikwambia kwa mdomo atatumia saa zetu. Ukisoma "8:00 pm" hiyo ni saa 2 usiku. Rafiki akikwambia "Bendi ya Pemba ni saa kumi na moja," ni jioni, jua bado liko juu ya bahari. Kaa chini na ratiba na kalamu, andika saa zote kwa mtindo mmoja, upande wa pembeni. Na ukishaandika, acha nafasi. Busara inajulikana kwa kushikilia muziki wa laivu, watu wapige vyombo na waimbe kwa sauti zao. Laivu ina maana kuna kubadilisha ngoma jukwaani, kuna kujaribu sauti, kuna waya unaokorofisha. Robo saa au nusu saa itapita kati ya kundi na kundi. Usipange kitu kingine ndani ya dakika hizo.

Kabla hujafika, yasikilize majina usiyoyajua. Watu hufika saa 4 usiku kwa ajili ya jina kubwa, wakakosa kilichonishika mimi miaka yote hii: kundi la saa 11 jioni ambalo hakuna aliyelisikia, watu kumi na watano mbele ya jukwaa, na mzee mmoja anapiga gambusi kana kwamba uwanja umejaa. Chagua matatu ya namna hiyo kwa kila siku. Kwenye filamu fanya vivyo hivyo. Filamu kubwa utaiona tu siku nyingine kwenye simu yako. Ile fupi ya dakika kumi na mbili kutoka Lamu au Moroni, Komoro, huenda usiipate tena popote. Na aliyeitengeneza mara nyingi amekaa palepale, safu mbili mbele yako, anasubiri mtu amuulize swali. Andaa swali.

Siku ya ufunguzi wa Busara huwa na gwaride la barabarani, lenye beni, ngoma na watoto wanaokimbia pembeni. Limewahi kuanzia Kisonge, Michenzani, likateremka kupitia Darajani hadi Forodhani. Uliza mwaka huo linapita wapi, vaa viatu vilivyofunga, beba maji. Karibu na Beit el Ajaib, jengo lililoporomoka sehemu yake Desemba 2020, fuata njia uliyoelekezwa na usijipenyeze kwenye uzio wa matengenezo kutafuta picha.

Ukiingia Ngome Kongwe utaona ngazi za mawe zimejipinda kama nusu mwezi kulizunguka jukwaa. Hizo ndizo viti. Februari, jiwe limepigwa na jua mchana kutwa, na ukikaa saa 12 jioni utalisikia joto lake likipenya nguo. Saa 6 usiku jiwe lilelile limekuwa gumu na mgongo umeanza kulia. Dawa ni kanga. Beba doti nzima. Kipande kimoja kikunje mara nne ukikalie; cha pili kiwe begani kwa ajili ya upepo wa baharini, ambao wakati wa kusi huuma kweli. Kanga hiyohiyo utajifunika nayo ukitoka kwenda sokoni Darajani asubuhi. Sijaona kifaa cha tamasha kinachoishinda.

Kuhusu mavazi kwa jumla: ndani ya tamasha watu huvaa wapendavyo, lakini ukishatoka getini uko kwenye mitaa ya Waislamu wanaoishi maisha yao. Mabega na magoti yafunikwe. Ukikutana na wazee barazani, shikamoo itangulie kila neno. Usimpige mtu picha bila kumwomba, hasa kina mama. Ijumaa mchana maduka mengi hufungwa kwa ajili ya sala, kwa hiyo vocha, dawa na maji nunua kabla.

Pesa taslimu uziwekee mpango wa peke yake, na nitakwambia kwa nini. Ukibahatika kupata usiku wa taarab, iwe kwenye tamasha au kwenye moja ya vikundi vikongwe kama Ikhwan Safaa, kilichoanzishwa 1905, au Culture Musical Club ya 1958, utaona jambo hili: nyimbo ikifika kwenye ubeti fulani, mama mmoja anainuka kitini. Hakimbii. Anakwenda taratibu, anacheza kwa mabega tu, mkono uko juu na noti imeshikwa kwa vidole viwili ili kila mtu aione. Anafika mbele, anamtunza mwimbaji, anageuka, na anaporudi kitini anamtupia mtu fulani jicho. Ubeti ule ulikuwa na mwenyewe. Anayejua amejua. Naye mwimbaji haachi kuimba. Noti zinajaa mkononi na fidla zinaendelea.

Huwezi kushiriki kwenye hilo kwa pesa za simu. Nenda na noti za elfu moja na elfu mbili, nyingi kiasi, zimekunjwa mahali pa karibu. Zivunje Dar kabla hujapanda, kwa sababu Forodhani usiku kila mtu ana noti ya elfu kumi na hakuna mwenye chenji. Na usisubiri uambiwe. Ukiguswa na mashairi, inuka. Mwimbaji wa taarab anayeimba mbele ya wageni waliokaa kimya kama wako kanisani hupoa, na usiku mzima hupoa naye. Kama hujui pa kuanzia, kaa karibu na wamama, ukawafuate wao.

Noti hizo ndogo zitakusaidia pia kwenye chakula. Pale Forodhani uliza bei kabla hujanyoosha kidole, na chagua mishkaki inayochomwa mbele yako kuliko iliyopangwa tangu magharibi. Urojo mimi hununua mchana, ndani ya mitaa, kwa mama anayepika sufuria moja na kuimaliza. Nenda Forodhani mapema angalau mara moja, jua likizama, uwatazame vijana wanavyokimbia na kujirusha baharini kutoka ukutani, halafu uingie Ngomeni ukiwa umeshiba.

Kwa wenye watoto au wazee: ngazi zile hazina pa kushikilia. Mzee akae chini, karibu na njia, na mtu wa kumshika mkono. Mtoto mdogo mpeleke maonyesho ya jioni tu, na mkae mbali na spika. Dawa ya mbu, dawa zenu za kila siku, maji. Simu ichajiwe kila inapopatikana nafasi, na uwe na chaja ya mkononi. Umeme Unguja umewahi kukatika vibaya: kuanzia Desemba 2009 kisiwa kizima kilikaa gizani karibu miezi mitatu, na Busara ya Februari 2010 ikafanyika vilevile. Tochi ndogo ya kurudia vichochoroni haina uzito wowote begani.

La kurudi lipange kabla hujaenda. Usiku wa mwisho huisha baada ya saa 6, na watu hawatawanyiki palepale. Wanasimama nje ya geti, wanabadilishana namba, mtu anaanzisha ngoma kwenye ndoo. Kwa hiyo usikate boti ya saa 1 asubuhi kwa ajili ya kuwahi kazini Jumatatu. Omba siku moja zaidi, kata ya mchana, na asubuhi hiyo tembea ukanunue chai na maandazi ukiwa bado huna sauti.