Kupima spektra ya jua Mbeya na kuilinganisha na modeli

Spektra ni mgawanyo wa nguvu ya mwanga kwa kila urefu wa wimbi. Ile ya AM1.5, spektra sanifu ya jua inayotumika kupimia paneli za sola, imekokotolewa kwa usawa wa bahari. Mbeya mjini iko kama mita 1,700 juu, hewa iliyo juu yako imepungua karibu moja ya tano, na tofauti huonekana zaidi kwenye bluu.

Hakiki nanomita. Elekeza spektromita, yaani kifaa cha kupima spektra (nanomita 350 hadi 1,000 inatosha), kwenye taa ya kuokoa umeme yenye zebaki, si ya LED. Mistari ya zebaki ikae 404.7, 435.8 na 546.1. Bila taa ya halojeni yenye cheti, ya kusawazishia nguvu ya mwanga, linganisha umbo tu, usidai wati.

Pima. Kisambaza mwanga cha teflon kilazwe kwa pimamaji. Punguza muda wa kukusanya mwanga mpaka kilele kisikatike bapa, kisha funika upime giza (kile kifaa kinachosoma bila mwanga) kwa muda uleule, ukitoe kwenye kila kipimo. Rudia giza mara kwa mara, maana kifaa kikipata joto juani giza nalo hupanda. Pima mwanga wote. Halafu ziba jua peke yake kwa kisahani kwenye kijiti kirefu. Ukisimama karibu, mwili wako unaziba anga pia. Toa kipimo cha pili kwenye cha kwanza, gawanya kwa kosaini ya pembe ya jua kutoka utosini: hiyo ndiyo miale ya moja kwa moja.

Endesha modeli. Tumia spectrl2, modeli ya Bird na Riordan (1984) ya spektra ya jua chini ya anga lisilo na mawingu, imo ndani ya pvlib, maktaba ya sola ya Python. Wengi hukwama kwenye mgandamizo wa hewa. Programu za simu huonyesha 1015 hivi kwa sababu zimeushusha hadi usawa wa bahari. Wa Mbeya kweli ni karibu hektopaskali 830, na pvlib inataka paskali, yaani 83,000. Ukiweka 101,500 jua likiwa utosini, miale ya moja kwa moja kwenye nanomita 400 itapungua kwa takribani asilimia 6, ilhali kwenye 700 haifiki hata 1. Saa za eneo ziwe Africa/Dar_es_Salaam, na saa nne asubuhi iandikwe 10:00. Jua la Mbeya hufika kileleni, kwa wastani, saa saba kasoro robo.

Rekebisha. Ozoni anza na 0.26 (atm-cm). Mvuke wa maji anza na sentimita 1.5, uubadilishe mpaka shimo la nanomita 940, ambapo mvuke humeza mwanga, lilingane. Vumbi na moshi (kiasi vinavyozuia mwanga kwenye nanomita 500) anza na 0.1. Septemba, nyasi zikichomwa, pandisha ukifuata miale ya moja kwa moja, si mwanga wote. Shimo la 760 ni la oksijeni, halina cha kurekebishwa. Likiwa limehama, rudia taa ya zebaki. Likiwa jembamba tu kuliko la modeli, lainisha kipimo, kwani spectrl2 ina mawimbi 122 pekee.