Choo cha mzee anayetaka kwenda mwenyewe

Mzee anaweza kupika na kufua bila msaada wa mtu, ila chooni ndiko anakoanguka: choo kipo uani, ni cha kuchuchumaa, na sakafu imepigwa niru, yaani saruji iliyolainishwa juu. Kabla ya kutafuta mtu wa kumsindikiza, tengeneza choo. Mzee atabaki na faragha yake, na hilo kwake si jambo dogo.

Kuchuchumaa na kuinuka kunataka mapaja yenye nguvu. Seremala achonge kiti cha mbao chenye tundu, kimo cha sentimita 45 hivi, miguu iliyotanuka kidogo na mikono pande zote mbili. Chini ya tundu funga ndoo iliyokatwa kitako iongoze uchafu shimoni, la sivyo utarukia miguu ya kiti na mbao zitaoza. Usikate kiti cha plastiki. Kikishatobolewa pa kukalia hakina nguvu tena, na miguu yake huachana kwenye sakafu yenye maji.

Ukutani funga bomba la chuma la inchi 1, sentimita 85 hadi 90 kutoka sakafuni, likiacha nafasi ya sentimita 4 ili vidole vipite. Bomba nene zaidi halishikiki kwa mkono wenye baridi yabisi. Skrubu ziingie kwenye tofali lenyewe, si kwenye plasta tu. Ukuta wa udongo hauhimili, kwa hiyo simika nguzo, izame nusu mita ardhini na imwagiwe zege. Kabla mzee hajaligusa bomba, mtu mzima mzito alivute kwa uzito wake wote.

Niru ikipata sabuni huteleza vibaya. Fundi aichonge, apige tabaka jipya la saruji na mchanga, kisha apitishe fagio tabaka hilo likiwa bado bichi, mistari ikikata njia ya kutembea. Mlango ufungukie nje: mzee akiangukia ndani, mwili wake hautauzuia.

Usiku, hatari huanzia kitandani. Akikurupuka, presha hushuka na kizunguzungu humwangusha, hasa akiwa anameza dawa za presha. Akae ukingoni dakika moja au mbili akichezesha nyayo, ndipo asimame. Fimbo, yenye mpira chini, ifike kwenye kifundo cha mkono, mkono ukining'inia, na aishike upande wa mguu mzima. Wengi hukosea hapa, huishika upande wa mguu unaouma. Kandambili aziache, avae viatu vyenye mkanda nyuma.

Mchunguze pia kama anajinyima maji ili asiende chooni. Wazee hufanya hivyo kimyakimya. Mkojo huwa wa manjano iliyokolea na choo kigumu. Anywe zaidi asubuhi na mchana, apunguze usiku, isipokuwa daktari amempimia kiasi kwa ajili ya moyo au figo.

Akianguka, usimvute mikono. Mguu mmoja ukionekana mfupi na wayo umegeukia nje, huenda nyonga imevunjika: asisimamishwe, apelekwe hospitali akiwa amelazwa.