Jinsi ya Kugawa Silabi na Kulitamka Neno "Palaeontologist"

Kijana wa Lindi anayetaka kuwaongoza wageni hadi kilima cha Tendaguru, ambako Wajerumani walifukua mifupa ya dinosaria kati ya mwaka 1909 na 1913 na kuipeleka Berlin, hawezi kulikwepa neno palaeontologist, kwa kuwa ndilo jina la mtaalamu wa mabaki hayo. Neno hili lina silabi sita: pa-li-on-to-lo-jist. Tahajia yake isimtishe: "ae" husomwa "i" na "g" husomwa "j". Wamarekani huiacha "a" ya pili, na wengi wao huanza na "pei".

Ugumu uko kwenye mipaka ya silabi. Kiswahili hupenda silabi iishie kwa irabu, ndiyo maana tunagawa Te-nda-gu-ru, "nd" ikienda mbele kwa pamoja. Katika neno hili la Kiingereza, "n" hubaki nyuma na kuifunga silabi "on", kisha "t" huanzisha silabi inayofuata. Mwishoni nako "st" hukatwa hapohapo. Anayesema "jisti" ameongeza silabi ya saba, ingawa kwa maoni yangu kosa hilo linasameheka kuliko la mkazo.

Sisi huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kama "gu" ya Tendaguru, kwa hiyo ulimi hukimbilia "lo". Kiingereza hapa huuweka kwenye silabi ya tatu kutoka mwisho: pa-li-on-TO-lo-jist. "Lo" hufifia, irabu yake ikawa fupi isiyofikia "o" kamili, na mkazo hafifu huangukia "pa", ambayo irabu yake iko kati ya "a" na "e" zetu.

Unapojizoeza, anzia mwisho: "jist", "lo-jist", kisha "TO-lo-jist" huku ukigonga meza kwenye TO pekee, halafu uongeze silabi mojamoja kwa mbele bila kuuhamisha mkazo huo. Ukianzia mwanzo, utafika kwenye mkazo ukiwa umeshapoteza pumzi.

Jina la taaluma, palaeontology, hufuata utaratibu huohuo, sawa na geology na biology. Kivumishi palaeontological ndicho kinachobadilika: mkazo huhamia kwenye "lo", ambayo hurudishiwa irabu yake kamili, na "to" ikafifia kwa zamu yake.