Fangasi wa ngozi, kichwa na kucha: kwangua kwanza, dawa baadaye

Kwenye kliniki ya ngozi hakuna lalamiko ninalolisikia mara nyingi kama hili: "Daktari, nikipaka inapoa, nikiacha inarudi kwa hasira." Mwombe mgonjwa akuonyeshe anachopaka. Atatoa mfukoni tyubu iliyokamuliwa mpaka shingoni, ile yenye dawa tatu ndani yake: ya fangasi, ya bakteria, na betamethasoni ambayo ni steroidi. Nafuu anayoipata inatokana na hiyo steroidi. Muwasho unatulia ndani ya siku chache, lakini kinga ya ngozi nayo imetulizwa, na fangasi anapata nafasi ya kutambaa bila bughudha. Duara linapoteza ukingo wake, magamba yanapungua, na sasa hata mwenye uzoefu akitazama hajui anatazama nini.

Mwongozo huu nimewaandikia matabibu na wauguzi wa zahanati, pamoja na wauzaji wa maduka ya dawa, maana hao ndio humwona mgonjwa kabla yetu. Mzazi mwenye mtoto wa mapunye asome hatua ya 5 kwa makini.

Hatua ya 1: Tazama mwili mzima, kwenye mwanga wa jua

Usiishie kwenye doa moja aliloletea malalamiko. Mwanamume anawashwa kinena, kumbe chanzo kipo kati ya kidole cha nne na cha tano cha mguu: kila asubuhi chupi inapita miguuni na kupandisha fangasi juu. Mtibu kinena peke yake na baada ya muda mfupi utamwona tena. (Mwambie avae soksi kwanza, chupi baadaye. Watacheka, lakini inasaidia.)

Choa cha mwili huanza kama doa dogo, kisha hupanuka kuwa duara lenye ukingo ulioinuka, wenye magamba, huku katikati kukianza kupona. Vitabu vingi vimeandikiwa ngozi nyeupe na vinasema utafute wekundu. Kwa wagonjwa wetu ukingo huo huwa wa kahawia iliyokolea, kijivu au mweusi kuliko ngozi ya jirani. Pitisha kidole juu yake. Mara nyingi utauhisi kabla hujauona vizuri.

Utangotango, ambao wengi huuita mba wa mwili, ni kitu kingine. Madoa mepesi au meusi hutawanyika kifuani, mgongoni, mabegani na shingoni, hasa kwa watu wa maeneo ya joto kama Tanga au Mombasa. Hayawashi sana, na ukikwaruza kwa ukucha unga laini hutoka. Kandida, fangasi wa jamii ya hamira, naye hupenda mikunjo yenye unyevu: chini ya matiti, makwapani, kwenye mapaja ya mtoto wa nepi. Pembeni ya eneo kubwa lililochubuka utaona vidoa vidogo vidogo vilivyojitenga.

Doa lililofifia, lisilowasha na lisilo na magamba usilipake chochote kwanza. Sokota pamba iwe na ncha, mwambie mgonjwa afumbe macho na aonyeshe kwa kidole kila unapomgusa. Asipohisi ndani ya doa, mtume akachunguzwe ukoma. Kuna watu wamepakwa dawa ya fangasi miezi mingi huku neva za mikono zikiharibika.

Hatua ya 2: Uliza

Amepaka nini, pamoja na alichopewa na jirani? Nani mwingine nyumbani anajikuna? Kuna paka, mbwa, ndama au sungura anayenyonyoka manyoya? Ana kisukari, ana VVU, ni mjamzito, anatumia dawa gani nyingine? Hayo yanatosha. Majibu ya swali la mwisho yatakuokoa ukifika kwenye vidonge.

Hatua ya 3: Kwangua

Hapa ndipo wengi huruka, kwa madai kwamba maabara haina vifaa. Vifaa vyenyewe ni hadubini ile ile ya malaria, slaidi, kioo chembamba cha kufunikia, na chupa ya potasiamu haidroksaidi, yaani KOH: asilimia 10 kwa ngozi, asilimia 20 kwa nywele na kucha.

Futa eneo kwa spiriti ili mafuta na krimu zitoke, uache likauke. Tumia upande butu wa wembe wa upasuaji. Vuta ngozi ikaze kwa vidole viwili vya mkono mwingine na ukwangue kwenye ukingo unaosonga mbele, ukielekea nje. Katikati pa duara hapana kitu. Acha magamba yadondokee kwenye slaidi au kwenye karatasi nyeusi iliyokunjwa, uyaone vizuri. Kidogo hakitoshi: jaza eneo la ukubwa wa punje ya mchele.

Dondoshea tone la KOH, funika, pitisha slaidi juu ya moto mdogo bila kuchemsha. Ikichemka, fuwele hujitengeneza na hutaona chochote. Subiri dakika 5 hadi 10 kwa ngozi. Kwa kucha nusu saa au zaidi. Futa majimaji yaliyozidi pembeni, maana KOH ikigusa lenzi inaiharibu.

Kosa la kawaida kwenye hadubini ni mwanga mwingi. Shusha kondensa (kikusanya mwanga kilicho chini ya slaidi), punguza mwanga, anza na lenzi ya 10, kisha 40. Unatafuta nyuzi ndefu zenye unene ulio sawa, zenye vipingili, zinazogawanyika matawi na kukatiza mipaka ya seli bila kuijali. Uzi unaofuata mipaka ya seli kwa utiifu ni mpaka wenyewe. Unaong'aa, mnene na usio na vipingili, huenda ni pamba ya shati la mgonjwa. Kwenye utangotango utaona nyuzi fupi fupi zilizochanganyika na mafungu ya chembe za duara.

Ukikosa kuona kitu, usiseme hakuna fangasi. Kama mgonjwa alipaka dawa ya fangasi juzi, rudia baada ya wiki mbili bila kupaka. Aliyekuwa akipaka steroidi tupu huwa kinyume chake: slaidi hujaa nyuzi kupita kawaida.

Hatua ya 4: Ngozi, dawa ya kupaka inatosha

Kwa choa cha eneo dogo, klotrimazoli ya asilimia 1 au mikonazoli ya asilimia 2, mara mbili kwa siku kwa wiki 2 hadi 4. Apake mpaka sentimita 2 nje ya ukingo, na aendelee wiki moja au mbili baada ya ngozi kuonekana safi. Terbinafini ya kupaka hufanya kazi hiyo kwa wiki moja au mbili, ila bei yake ni kubwa zaidi. Asiye na uwezo apewe mafuta ya Whitfield, yenye asidi ya benzoiki asilimia 6 na salisili asilimia 3. Ni dawa ya zaidi ya karne moja na bado inatibu. Ila usiipake usoni, kinena au palipochubuka, maana inachoma. Nistatini ni ya kandida peke yake, kwenye choa haifanyi lolote.

Anayetumia ile tyubu ya dawa tatu aiache siku hiyo hiyo. Mwonye mapema kwamba muwasho utapanda siku za mwanzo. Usipomwambia, atairudia.

Utangotango utibu kwa shampuu ya ketokonazoli asilimia 2: paka kuanzia shingo mpaka kiunoni, acha dakika 5, suuza, kila siku kwa siku 5. Rangi ya ngozi huchukua miezi kurudi hata fangasi akiwa amekwisha kufa, kwa hiyo kipimo chako kiwe ule unga. Ukikwaruza usitoke, amepona. Terbinafini na griseofulvini za vidonge hazitibu utangotango.

Kati ya vidole vya miguu, kukausha ni nusu ya tiba. Wavaa mabuti, walinzi, wavuvi na wanaonawa miguu mara nyingi kwa ajili ya udhu wafute kwa kitambaa kikavu kidole kwa kidole. Kwa mwenye matende mpasuko huo mdogo ndio mlango wa bakteria wanaomletea homa na mguu kuvimba upya, mtibu haraka.

Choa kikienea mwili mzima, au dawa sahihi ikishindwa kwa mtu aliyeitumia kweli, kuna jambo jipya la kufikiria. Trichophyton indotineae, fangasi aliyeenea kutoka Asia ya Kusini na kupewa jina hilo mwaka 2020, mara nyingi hasikii terbinafini. Uliza kuhusu safari, chukua sampuli ya kuotesha maabara, na mpe rufaa. Usiongeze tu dozi.

Hatua ya 5: Kichwa, hapa krimu haitibu

Mapunye, au mashilingi kama wengine wanavyoyaita, ni ugonjwa wa watoto. Fangasi anaishi kwenye unywele na shina lake, chini ya mahali krimu inapofika. Mama atakuambia amepaka kila kitu, hadi kitunguu saumu kilichomuunguza mtoto. Mwamini, na usimwongezee tyubu nyingine.

Tafuta mabaka yenye magamba, nywele zilizokatika, mara nyingine nukta nyeusi palipokatikia. Kisha papasa nyuma ya masikio na shingoni. Nywele zilizopungua, magamba na mitoki kwa mtoto mmoja: nenda ukaandike dawa. Ukitaka kuthibitisha, usikate nywele kwa mkasi, unahitaji visiki. Sugua kwa shashi iliyolowa maji, visiki vitanasa, uvitoe kwa koleo ndogo na uviweke kwenye KOH. Taa ya Wood, ile ya miale ya urujuanimno, haitakusaidia sana kwetu: inang'arisha kijani fangasi wa jamii ya Microsporum, lakini Trichophyton violaceum, ambaye ni wa kawaida sana Afrika Mashariki, hang'ai.

Griseofulvini: miligramu 15 hadi 20 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, wiki 6 hadi 8. Mtoto wa kilo 20 atapata miligramu 300 hadi 400. Ameze na chakula chenye mafuta, kwa mfano maziwa halisi, siagi ya karanga au parachichi; tumboni patupu sehemu kubwa haifyonzwi. Terbinafini humaliza kazi kwa wiki 4, na kwa Trichophyton ni nzuri zaidi: chini ya kilo 20, miligramu 62.5 kwa siku. Kilo 20 hadi 40, miligramu 125. Zaidi ya hapo, 250. Kama chanzo ni Microsporum, mfano kutoka kwa paka, baki na griseofulvini. Mjamzito asipewe griseofulvini.

Ongeza shampuu ya ketokonazoli au ya seleniamu salfaidi mara mbili kwa wiki, mtoto asisambaze. Wapake na ndugu zake, hata wasio na dalili. Shule aendelee, akishaanza dawa hakuna sababu ya kumfukuza darasani.

Mambo mawili huwatisha wazazi na wahudumu. La kwanza ni uvimbe laini wenye usaha kichwani. Unafanana na jipu, na mkono unawasha kulipasua. Usipasue. Ni mwili unaopambana na fangasi. Vidonge vile vile ndivyo vinavyouponya, na kisu huongeza kovu lisiloota nywele. La pili ni vipele vidogo vinavyowasha usoni na kiwiliwili siku chache baada ya kuanza dawa. Mama atadhani mtoto amedhuriwa na vidonge. Mtoto akiwa hana homa, hana vidonda mdomoni na ngozi haivimbi wala kubabuka, endelea na dozi.

Kuhusu saluni: mashine iliyofutwa tu kwa spiriti sekunde mbili bila kutolewa nywele bado imebeba fangasi. Nywele zitolewe kwa brashi, meno yafunguliwe na kuoshwa kwa sabuni, ndipo ifuate dawa ya kuua vijidudu kwa muda ulioandikwa kwenye chupa. Rahisi zaidi ni kila mtoto awe na mashine au wembe wa nyumbani kwao.

Hatua ya 6: Kucha, thibitisha kabla ya kuandika

Karibu nusu ya kucha zilizoharibika hazina fangasi. Ni viatu vya kubana, mpira wa miguu, soriasisi, au mikono inayoshinda kwenye maji ya sabuni. Vidonge ni vya miezi, kwa hiyo kipimo ni lazima. Kata ncha ya ukucha na uitupe, kisha chokonoa uchafu wa chini, karibu kabisa na sehemu nzima.

Ikithibitika: terbinafini miligramu 250 kwa siku, wiki 6 kwa kucha za mikono, wiki 12 kwa za miguu, baada ya kupima ini. Chora mstari kwa tupa pale ukucha mbaya unapokutana na mzima. Mstari ukisogea mbele ukiacha ukucha safi nyuma yake, dawa inafanya kazi, hata kama ncha bado inatia aibu. Ukucha wa dole gumba la mguu huchukua mwaka hadi mwaka na nusu kuota wote. Mgonjwa asiyejua hilo atakuja kudai hela yake.

Itrakonazoli, dawa nyingine ya fangasi ya kumeza, usimpe mwenye moyo kushindwa kufanya kazi, na kwa anayetumia rifampisini ya kifua kikuu itapotea bure. Vidonge vya ketokonazoli viache kabisa kwa ngozi na kucha: mwaka 2013 mamlaka za dawa za Ulaya na Marekani zilivizuia au kuvibana kwa sababu ya kuharibu ini, na bado navikuta madukani.

Weupe unaoanzia kwenye shina la ukucha: shauri kipimo cha VVU. Mstari mweusi kwenye ukucha mmoja tu, unaopanuka au kupaka rangi ngozi ya pembeni: rufaa wiki hiyo hiyo, inaweza kuwa saratani.

Hatua ya 7: Mrudishe, na ujue pa kumpeleka

Mgonjwa wa ngozi mwone baada ya wiki 4. Kichwa rudia kukwangua kabla ya kusimamisha dawa. Nywele kuanza kuota hakutoshi. Ukikwama, kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi pale hospitali ya KCMC, Moshi, kimekuwa kikifundisha matabibu wa ngozi tangu 1992, na huenda hospitali ya mkoa wako ina mmoja aliyesomea huko. Mpigie kabla mgonjwa hajapanda basi. Akikuomba sampuli ya kuotesha, iweke kwenye karatasi safi iliyokunjwa, uandike jina, sehemu ya mwili na tarehe. Usitumie mfuko wa plastiki, unatunza unyevu na bakteria huota kabla ya fangasi. Majibu yanaweza kuchukua wiki 4. Mtoto wa mapunye aanze vidonge siku ile ile uliyochukua sampuli.